Beberu Niliyemshindisha Njaa

Asifiwe Mungu, anayeijua kesho bila kumpasua mnyama. Amenifikisha umri ambao kanisa zima linaniita bibi, akaniachia meno ya kutafunia nyama na akili ya kukumbukia dhambi zangu. Namshukuru kwa vyote viwili, ingawa naungama kwamba meno yananifurahisha zaidi.

Krismasi iliyopita wajukuu wangu walichinja mbuzi nyuma ya jiko, hapa kwangu Tlawi. Nilikuwa nimekaa juani na blanketi mabegani. Walipomimina maji ya moto kwenye utumbo, upepo ukaniletea ile harufu: majani yaliyochachuka, damu ya uvuguvugu, na kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Mjukuu wangu Kelvin alikuwa ameinamia simu, anatutangazia kwamba Alhamisi itanyesha. Nikamwambia aache simu, aniletee lile beseni.

"Bibi anataka kuosha utumbo!" wakacheka.

Sikutaka kuosha. Nilitaka kutazama tu. Na nilipotazama nilirudi Masieda, nikawa tena msichana wa miaka tisa mwenye hasira ambayo sijaiona tena ndani ya mwili mdogo namna ile.

Kwetu Masieda, siku zile, kesho ilikuwa imeandikwa kila mahali. Ukitoka kwenda safari ukajikwaa mguu wa kulia, unaendelea. Ukijikwaa wa kushoto, unarudi nyumbani, unakaa, unakunywa uji, halafu unaondoka upya kana kwamba siku ndiyo kwanza inaanza. Palikuwa na ndege mdogo wa vichakani. Akilia upande wako wa kulia, uendako ni kwema. Akilia kushoto, wanaume wenye ndevu na mikuki waligeuza ng'ombe wakarudi. Fisi akilia mchana, akina mama walianza kutaja majina ya wagonjwa. Tena tulikuwa tumebatizwa, sisi na jirani zetu wengi. Jumapili tulikuwa Wakristo, na siku sita zilizobaki tulikuwa watu wa Masieda.

Juu ya dalili zote hizo ilikuwepo moja ambayo hukumu yake haikuwa na rufaa, nayo ni utumbo. Mtu akitaka kujenga, au kuhama, au kifo kikibisha hodi mara mbili kwenye boma moja, wazee waliomba mnyama asiye na doa. Walimziba pumzi, wakamfungua juu ya majani mabichi, kisha msomaji akautandaza utumbo mwembamba na kuufuata kwa kidole. Mishipa ilikuwa mito na njia. Palipojaa palikuwa shibe, na palipotepeta palikuwa njaa. Doa jeusi lilikuwa kaburi ambalo halijachimbwa.

Msomaji wetu aliitwa Mzee Sulle. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi kisichoisha na vidole vyembamba kama vya mwanamke anayetunga shanga. Hakuuza dawa wala hirizi. Alisoma, akanawa, akachukua kipande chake cha nyama, akaenda zake.

Baba yangu alikufa kwa kuanguka kutoka mtini akirina asali. Haukupita muda mrefu, kaka yake, baba mkubwa Tluway, akapoteza ndama wawili kwa ugonjwa. Akaita wazee, akatoa kondoo. Mimi nilikuwa nimesimama na mama nyuma ya wanawake wengine. Mzee Sulle aliinama muda mrefu, akasema polepole, "Katika boma hili naona kivuli kizito."

Alikuwa hajamaliza. Kidole chake kilikuwa bado hewani. Baba mkubwa akadakia, kwa haraka ya mtu aliyelihifadhi neno mdomoni siku nyingi:

"Ni huyu mjane! Kila anapolala, panakufa kitu."

Mzee Sulle akainua macho, akamtazama, akakohoa. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Mtu aliyetajwa hivyo, kwetu, hapigwi. Anaachwa. Hakuna wa kumwazima moto. Hachoti maji mahali wanapochota wengine. Mifugo yake hailali na ya watu, na pombe yake haionjwi. Mama alivumilia wiki tatu. Kisha akamfunga mdogo wangu mgongoni, akajitwika kichwani jiwe lake la kusagia, alilopewa na mama yake siku ya kuolewa, akashika njia ya kwao Tlawi. Mimi sikuruhusiwa kumfuata. Niliambiwa kwamba mtoto aliyekwisha kuacha ziwa ni wa ukoo wa baba.

"Kula chochote watakachokupa," mama aliniambia. "Na usilie mbele yao."

Hata hajavuka bonde, ng'ombe wa baba mkubwa walikuwa tayari kwenye mabua ya shamba letu. Sikulia. Nilisimama nikawatazama ng'ombe wale wakila, na nikajua ninachokitaka. Sikutaka baba mkubwa afe, maana nilikuwa nimekiona kifo cha baba na niliona ni jambo la haraka mno. Nilitaka aachwe. Nilitaka aombe moto akose.

Nilikaa kwake mwaka mzima, nikilala ngozi moja na binti yake Anjelina. Alinizidi mwaka mmoja, nami nilimwita dada. Ndiye aliyenifunika wakati wa baridi, ndiye aliyenionyesha mashimo yenye maji na mizizi inayoliwa. Tulichunga mbuzi pamoja, na kila mnyama alipochinjwa, sisi wawili tulipelekwa mtoni kuosha utumbo.

Basi nikasomea huko, kwenye maji baridi, nimejipaka mavi ya mbuzi hadi viwikoni. Wazee walisoma utumbo kwa dakika chache kisha wakatuachia. Sisi tulibaki nao asubuhi nzima. Nikaona kwamba mbuzi aliyeshinda mahali penye nyasi nzuri ana utumbo mweupe, mnene, unaoteleza. Aliyeshinda bila kula, utumbo wake umetepeta kama kamba iliyoloa. Aliyelamba magadi akakosa maji, mishipa yake imetuna. Tena kuna kichaka kimoja ambacho mbuzi hakili ila akizidiwa na njaa, na akikila, ndani yake kunakuwa na mabaka meusi. Jina la kichaka hicho sitaliandika hapa. Nina wajukuu wengi na wengine wana hasira kama zangu.

Sikumwambia mtu, hata Anjelina. Nilitunza tu, nikangoja mnyama wangu.

Mavuno yalipoisha, baba mkubwa akatangaza kwamba anajenga nyumba kubwa juu ya kiwanja cha baba yangu, pale penye mwinuko, ambapo mafiga ya mama yalikuwa bado yamekaa. Akaalika watu waje kwenye kazi, akaagiza pombe ipikwe. Lakini nyumba haijengwi kwetu kabla ya utumbo kusema kama ardhi inamkubali mtu. Ardhi ikimkubali ni yake, na ya watoto wake, na hakuna tena mjane wa kurudi kuulizia kitu. Hata mtoto wa miaka tisa alielewa hilo. Mama angebaki Tlawi, jikoni kwa watu, maisha yake yote.

Baba mkubwa alimchagua mnyama mwenyewe. Alikuwa beberu mweupe, bila unywele hata mmoja mweusi. Akampiga kofi mgongoni akawaambia wanaume waliokuwa naye, "Huyu ni msafi kuliko kanzu ya padre!" Wakacheka. Kisha akanigeukia. "Marselina, mchunge vizuri. Kesho kutwa wazee wanakuja."

"Ndiyo, baba mkubwa," nikasema. Na nilimaanisha.

Anjelina alibaki nyumbani kusaga nafaka za pombe, kwa hiyo nilikwenda machungani peke yangu. Nilimfunga beberu kwenye korongo lenye mawe matupu, nikampa magadi, nikamnyima maji. Alilia siku nzima. Nilikaa karibu naye nikala kiporo changu, nikamwambia, "Lia tu. Mama alitembea akilia." Siku ya pili alianza kulamba mawe. Ndipo nikamletea majani ya kile kichaka. Akayala yote, macho yamemtoka. Asubuhi ya tatu nilimkimbiza kwenye mteremko, juu na chini, mpaka akatoa ulimi, nikamfikisha kiwanjani akihema. Baba mkubwa akaona anahema, akasema, "Ana nguvu huyu!"

Wazee walikuwa wamekaa kwenye vigoda vyao, ukungu haujatawanyika. Mitungi ya pombe ilikuwa imepangwa kando ya ukuta wa boma, imefunikwa majani. Wakamziba beberu pumzi, wakamfungua. Mzee Sulle akautandaza utumbo. Nikasikia wazee wakivuta pumzi wote kwa pamoja, kama watu waliokanyaga maji baridi.

Ulikuwa mbaya kuliko nilivyotarajia. Ulikuwa umekonda, una rangi ya majivu, mishipa imesimama myekundu kwa myeusi, na mabaka yalikuwa yametapakaa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mzee Sulle hakuukimbilia. Alichukua kisu, akapasua tumbo kubwa, akatazama ndani. Akaingiza vidole viwili, akavinusa. Kisha akainua kichwa, akapitisha macho juu ya watu wote, polepole, wanaume, wanawake, watoto. Yalipofika kwangu yakakaa kidogo. Nilificha mikono nyuma. Nilikuwa nimekufa, nilijua. Nikauegemea ukuta.

"Kiwanja hiki kina mwenyewe," Mzee Sulle akasema.

"Mwenyewe ni mimi," baba mkubwa akajibu.

"Mwenyewe yuko Tlawi, anasagia watu unga."

"Huyo si ulimtoa wewe? Mwaka jana ulisema kuna kivuli!"

"Nilisema kuna kivuli. Cha nani, sikusema. Ulinisaidia kusoma, Tluway. Leo sihitaji msaidizi."

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akachomoa kigoda chake, akakisogeza mbali kidogo na baba mkubwa. Nilikiona kigoda kile kikisogea, na ndani yangu kitu kikaruka kama ndama aliyefunguliwa.

"Basi soma tena," baba mkubwa akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Kuna zizi zima pale. Nitaleta mwingine."

"Huyu alichaguliwa na nani?"

Baba mkubwa akatazama zizini.

"Nauliza, alichaguliwa na nani? Si ulisema ni msafi kuliko kanzu ya padre? Habari hizo zimenifikia hata mimi nisiyekwenda kwa padre." Watu wakacheka, lakini si kwa furaha. Mzee Sulle akanawa mikono, akainuka kwa kujisaidia na fimbo. "Aliyemtoa mwenye kiwanja ndiye kivuli. Mpaka atakapomrudisha, moto wake ni wake peke yake. Na mtoto wa marehemu hatalala chini ya kivuli hicho. Atalala kwangu."

Wakaondoka wote. Nyama hawakugusa.

Sasa niseme kweli mbele yenu na mbele ya Mungu. Nimekula harusi nyingi. Nimeona watoto wangu wakipata vyeti, nimeshika wajukuu wakiwa na joto la tumboni. Lakini utamu wa siku zilizofuata sijaupata mahali pengine, na kila ninapouungama, naungama nikijua kwamba bado uko chini ya ulimi.

Nyumbani kwa Mzee Sulle palikuwa ng'ambo ya kijito, na palikuwa na jiwe ambalo ukilikalia unaliona boma lote la baba mkubwa. Nilishinda pale. Siku ya kazi nilimwona akitoka mlangoni amevaa shuka safi, akaenda kwenye ukingo, akaweka viganja mdomoni akaita, "Karibuni! Pombe iko tayari! Karibuni!" Sauti yake ikazunguka mabondeni, ikarudi. Chini kule watu walikuwa wakilima, wala hakuna aliyenyoosha mgongo. Akaita tena mchana. Jioni akakaa peke yake katikati ya mitungi. Siku ya pili pombe ikaanza kuchacha. Siku ya nne harufu yake ilivuka kijito, kali na chungu, nami niliivuta kwa pua zote mbili. Siku ya tano aliibeba mitungi mmoja mmoja akaimwaga mwisho wa shamba, mwenyewe, kwa sababu hakuna kijana aliyekubali kuishika.

Baridi ya mwezi wa saba ikaingia, ile inayokuja na ukungu unaolowesha hata kuni zilizo ndani. Kiberiti kilikuwa kitu cha duka la mbali. Kila nyumba ililinda moto wake, na uliozimika uliazimwa kwa jirani. Moto wa baba mkubwa ukazimika.

Asubuhi moja nilikuwa narudi kutoka kwa jirani, nimebeba makaa kwenye kigae kwa ajili ya mke wa Mzee Sulle. Anjelina alinisubiri njiani, nyuma ya kichaka, asionekane. Alikuwa amejikunyata, midomo imepasuka.

"Marselina. Nigawie kaa moja."

Nikasimama.

"Moja tu, mdogo wangu. Mtoto anakohoa. Mama amesema nisikusumbue, nimekuja mwenyewe."

"Nenda kaombe kwa beberu," nikamwambia. "Beberu wenu msafi."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Halafu hakuomba tena. Akageuka, akapanda mlima kuelekea kijiji kingine ambako hawakujua habari zetu. Nikaenda zangu, nikipuliza makaa yangu yasizimike, nikiwa na furaha.

Jioni yake nilisikia wanawake wakisimulia. Alipata moto huko, akaubeba kwenye kigae chenye ufa. Karibu na nyumbani kigae kikapasuka. Badala ya kuyaacha makaa yaanguke kwenye nyasi mbichi yazimike, Anjelina aliyadaka kwa mkono, akayafumbata, akakimbia nayo hadi jikoni. Moto ukawaka. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilishikana na kiganja na havikunyooka tena. Nilipouona mkono umefungwa majani na kitambaa, nilisema moyoni, "Bado." Nilikuwa na miaka tisa. Sijitetei. Nawaambia umri tu.

Mwisho wa mwezi ule baba mkubwa akashindwa. Alikwenda Tlawi, safari ya siku moja na kipande, akiswaga kondoo mnono. Yaliyotokea kule mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara aliketi vizuri kwanza. Alimwacha shemeji yake amesimama nje kutoka asubuhi hadi jua lilipopinda. Kisha akatoka.

"Habari za hapa, mama Marselina," baba mkubwa akasema.

"Za hapa ni nzuri. Za huko nasikia mna baridi."

"Nimekuja kukuchukua. Turudi nyumbani."

"Nitarudi," mama akasema. "Lakini mimi nina mtoto mgongoni, siwezi kubeba kila kitu. Wewe beba hili." Akamwonyesha jiwe la kusagia.

"Shemeji, hilo ni jiwe la wanawake."

"Nililibeba mimi kuja huku. Njia inalijua."

Nilikuwa juu ya jiwe langu walipotokea kwenye mteremko. Alikuwa mbele, mtu mzima, mwenye ng'ombe, mwenye kigoda chake kwenye baraza la wazee, amejitwika jiwe la kusagia juu ya kata ya majani kama bi harusi. Shingo ilikuwa imezama mabegani. Watu walitoka majumbani, wakasimama kando ya njia, hakuna aliyecheka wala kumsalimia. Kicheko kingemfaa zaidi. Mama alikuwa hatua kumi nyuma, mikono mitupu, akiitikia salamu za watu mmoja mmoja bila haraka. Alihakikisha hakuna boma linalopitwa.

Alirudi kwenye kiwanja chake na mafiga yake. Shamba tukalilima mpaka nilipoolewa huku Tlawi, na mdogo wangu analilima hadi leo. Baba mkubwa aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini sikumwona tena akikaa barazani. Hata majirani walipomrudishia moto, alikaa nyuma.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba yote hayo niliyafanya mimi. Nilikua nayo kama mtoto mwenye kisu kwapani. Ndoa haikuniondolea, wala mafundisho ya dini niliyosoma mpaka nami nikapewa kazi ya kuwafundisha wengine. Ndipo ikatokea kwamba Mzee Sulle, macho yamemwishia na kikohozi kimemlaza kitandani, akaomba kubatizwa, nami nikatumwa Masieda kumwandaa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya mtoto wa korongoni."

Nikastuka. Nikamwuliza ana maana gani.

"Yule beberu," akasema, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mabega mpaka kikaisha. "Binti, mimi nilichunga mbuzi kabla baba yako hajazaliwa. Nilipompasua nilinusa magadi. Nikatafuta ni mtoto gani anaficha mikono."

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimemngoja Tluway mwaka mzima. Alichukua neno mdomoni mwangu akamfukuzia mtu, na mimi nikaogopa kubishana naye mbele ya watu. Ungemlisha yule beberu maziwa na asali, ningemsoma vilevile."

Kumbe njaa yote ile ya mnyama, kilio chote kile, haikuwa na kazi. Nikauliza la mwisho lililobaki, "Na yule kondoo wa mwanzo? Kile kivuli kizito kilikuwa nini?"

"Minyoo," akasema.

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikiwa na kitabu cha mafundisho mapajani. Yeye hakucheka. Baada ya muda nikamwuliza, "Na lile la kuwanyima moto, babu, na watoto wake ndani, wakati wa baridi, uliliona wapi kwenye utumbo?"

"Hilo sikuliona," akasema. "Hilo nililitaka."

Aliomba nimfundishe namna ya kulisema kwa padre. Nikamfundisha, neno kwa neno, na kila neno nililomtamkia nililisikia likinirudia mimi. Kwa maana mimi pia sikuwa nimesomewa mahali popote kwamba nimnyime Anjelina kaa la moto. Hakuna mzee aliyeniamuru. Hakuna ndege aliyelia kushoto. Alikuwa peke yake njiani, ameniita mdogo wangu, na ndani ya kigae changu makaa yalikuwa tele. Nilitaka.

Anjelina aliolewa mbali, Hirbadaw, kwenye familia ya wafugaji, na aliolewa akiwa amechelewa. Mwanamke asiyeweza kushika vizuri jiwe la kusagia hatafutwi na wengi. Nilimfuata huko miaka mingi baadaye. Nilimkuta anakamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto, kwa ustadi mkubwa. Nikamsalimia, nikaketi chini, nikamweleza yote: korongo, magadi, kichaka, jiwe nililokalia, furaha yangu. Nilipofika kwenye "Bado," nililisema pia.

Aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. Akakifunika.

"Nimekusikia, Marselina," akasema. "Sasa ngoja."

"Ningoje nini, dada?"

"Mimi nilingoja nyuma ya kichaka tangu alfajiri. Ngoja na wewe."

Alinipa maziwa, akanisindikiza hadi barabarani, akaniagiza niwasalimie watoto. Ni miaka mingi sasa. Kila Pasaka nampigia simu. Hupokea, hunisikiliza, huniuliza habari za magoti yangu na za mahindi. Mimi humwuliza za ng'ombe. Kisha huja kimya kidogo, ambacho mimi nakijua na yeye anakijua, halafu husema, "Haya, tutaongea." Nami hushukuru, naweka simu chini. Kisasi chake ni kidogo kuliko changu, na amekitunza vizuri kuliko nilivyotunza changu. Sina haki ya kumharakisha.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akubariki nyumbani mwako. Akujalie mifugo yenye afya na jirani asiyechoka kukufungulia. Kama yuko anayelingoja neno lako, akupe moyo wa kulisema leo. Na kama ni wewe unayengoja, akae nawe. Amina.